Moctezuma Hakuijua Jibini

Katika migahawa midogo ya Mexico City, ile inayowauzia makarani na mafundi chakula cha mchana kwa bei moja ya supu, chakula chenyewe na juisi, huwa kuna siku mpishi anatoa katika oveni sinia la pastel azteca. Ni tortila zilizopangwa tabaka juu ya tabaka, na kati ya tabaka hizo kuku aliyechambuliwa, mchuzi wa nyanya au wa pilipili, vipande virefu vya pilipili poblano iliyobabuliwa motoni na kumenywa ngozi, malai yenye ugwadu kidogo, kisha jibini juu mpaka iyeyuke na kupiga wekundu. Hukatwa vipande vya pembe nne na kuliwa kwa uma. Wengine hukiita budín azteca, wengine budín Moctezuma, na kwa majina hayo mlaji hujiona amekaribishwa barazani kwa wafalme wa kale.

Sasa mpe Moctezuma, mfalme wa Waazteki, nafasi ya kulikagua sinia hilo. Jibini aiondoe, maana katika milki yake hapakuwa na mnyama wa kukamuliwa. Malai yafuate. Kuku atoke, kwa kuwa yeye alikula bata mzinga. Kitunguu saumu nacho, mafuta ya kukaangia nayo, na oveni izimwe. Kitakachobaki ni tortila, nyanya na pilipili. Hayo matatu ndiyo ya kale kwelikweli. Mengine yote yamewekwa juu yake na watu wanaojulikana, katika miaka inayojulikana, na jina la mfalme aliyekufa mwaka 1520 likaja mwisho kabisa.

Tuanze na tortila. Mahindi yalitokana na nyasi iitwayo teosinte katika bonde la mto Balsas, kusini mwa Meksiko, yapata miaka 9,000 iliyopita. Suke la nyasi hiyo lina punje chache, kila moja imefungwa katika ganda gumu la kuvunja jino, na kazi ya kuligeuza kuwa gunzi lililojaa ilichukua vizazi na vizazi vya wakulima wa kuchagua mbegu. Hiyo ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ilifanyika jikoni. Punje kavu zilichemshwa katika maji ya chokaa au ya majivu, zikaachwa zilale usiku, asubuhi zikaoshwa mpaka maganda yakatoka, kisha zikasagwa zikiwa bado na majimaji. Mahindi yaliyopitishwa humo huitwa nishtamali. Dalili za zamani za kazi hiyo zimeonekana pwani ya kusini ya Guatemala, kwenye mabaki ya kati ya mwaka 1500 na 1200 KK.

Faida ya chokaa mtu wa kula ugali anaweza kuijaribu mwenyewe. Changanya unga wa sembe na maji, fanya donge, ulisukume liwe jembamba kama unavyosukuma chapati. Litapasuka kingo, na ukiliinua litakukatikia mkononi. Chokaa hulegeza kuta za punje na kuuachia utomvu wake, na utomvu huo ndio unaoushika unga hata ukawa wa kusukumika. Zaidi ya hapo, hufungua vitamini iitwayo niasini ambayo katika mahindi ya kawaida imefungwa, mwili usiweze kuifikia. Wenyeji wa Meksiko hawakuwa na jina la vitamini hiyo, lakini walikula mahindi maisha yao yote na wakawa na afya.

Waliochukua mahindi kwenda kwingine walichukua mbegu wakaacha chokaa. Mwaka 1735 daktari Gaspar Casal, aliyekuwa akitibu maskini wa Asturias kaskazini mwa Hispania, alianza kueleza ugonjwa wa wakulima waliokula mahindi na karibu hakuna kingine: ngozi inaungua na kubabuka, tumbo linaharisha, mwisho akili inavurugika. Italia ikaupata na kuupa jina ambalo ulimwengu ulilichukua, pelagra. Majimbo ya kusini ya Marekani yaliupata mwanzoni mwa karne ya 20, na kuanzia mwaka 1914 daktari Joseph Goldberger alihangaika kuwaonyesha wenzake kwamba kosa liko sahanini, si kwenye vijidudu. Hata karibu na kwetu umeonekana. Mwaka 1990, wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa kambini Malawi waliugua kwa wingi, zaidi ya watu 18,000, baada ya mgao wa karanga kukatika na kubaki unga wa mahindi. Mahindi ya ugali hayadhuru penye maharage, samaki, mboga na karanga. Yakibaki peke yake ndipo chokaa ya Wameksiko inapokumbukwa.

Chokaa ilikuwa na wenyewe, na mwenyewe alikuwa mwanamke. Mbele yake kulikuwa na metate, jiwe la kusagia lenye miguu mitatu na mteremko mdogo, naye amepiga magoti nyuma yake akisukuma jiwe dogo kwenda na kurudi. Kusaga, kufinyanga na kuchoma tortila za familia moja kulichukua saa nne mpaka sita kila siku, kuanzia kabla ya mapambazuko. Unga uliosagwa haukuweza kuwekwa akiba kwa kuwa ulichacha, kwa hiyo kazi ya leo haikupunguza ya kesho. Vitabu husimulia sana mapiramidi na vita vya Waazteki; mimi naona goti la mwanamke mbele ya metate liliibeba milki ile kuliko ngao yoyote, kwa sababu hata majeshi yalikwenda vitani na tortila zilizokaushwa.

Meza ya Moctezuma wa pili tunaijua kwa Bernal Díaz del Castillo, askari wa Kihispania aliyeingia Tenochtitlan, mji mkuu wa Waazteki, na kamanda wake Hernán Cortés mwaka 1519 akaandika kumbukumbu zake uzeeni, huko Guatemala, na kitabu kikachapwa mwaka 1632 yeye amekwisha kufa. Anataja vyakula zaidi ya aina 30 vilivyoandaliwa kwa mlo mmoja na kuwekwa juu ya majiko madogo ya udongo ili visipoe, wanawake walioleta maji ya kunawa, tortila nyeupe zilizofunikwa vitambaa safi, na kakao ya povu katika vikombe vya dhahabu. Mtawa Bernardino de Sahagún, aliyefika mwaka 1529, akishirikiana na wasomi wenyeji wa Tlatelolco, alikusanya habari za chakula cha watu wa kawaida pia: tortila nene na nyembamba, za kukunjwa na za kujazwa, na wachuuzi wa sokoni wenye michuzi ya pilipili na mbegu za maboga. Tortila iliyochovywa mchuzi wa pilipili ilikuwapo. Iliyofunikwa jibini na kuokwa haikuwapo.

Tenochtitlan ilianguka tarehe 13 Agosti 1521. Cortés akawaandalia watu wake karamu Coyoacán, na Bernal Díaz anakumbuka kwamba nguruwe walikuwa wametoka Kuba na mvinyo Hispania, meza hazikuwatosha wageni, na ulevi ukaharibu adabu. Hiyo tunaweza kuihesabu kuwa siku ambayo mafuta ya nguruwe yaliingia Bonde la Meksiko. Ng'ombe na kondoo walifuata, na kwa ng'ombe maziwa na jibini. Ngano nayo ilifika haraka, maana bila ngano padri hawezi kusoma misa. Aliyedai kuwa wa kwanza kuipanda katika nchi ile alikuwa Mwafrika, Juan Garrido, mtu huru aliyepigana upande wa Cortés. Mwaka 1538 aliandikisha ushahidi wa utumishi wake akitaka mfalme wa Hispania amtuze, na katika mambo aliyojisifia lilikuwamo hilo la ngano.

Tangu hapo mahindi na ngano vikawa vyeo. Mkate ulikuwa wa Mhispania na wa aliyetaka kufanana naye. Tortila ikawa ya mwenyeji na maskini. Lakini jikoni mpaka huo haukushika. Mpishi wa nyumba ya bwana alikuwa mwanamke mwenyeji, mara nyingine mtumwa Mwafrika au chotara, na alipika alichokijua kwa vitu alivyovikuta kabatini. Alikaanga tortila katika mafuta ya nguruwe, akanyunyiza jibini juu ya mchuzi wa pilipili, akaweka kitunguu saumu penye nyanya. Msingi wa pastel azteca ulijengwa na wanawake hao.

Msingi mwenyewe ni ubanifu. Tortila huwa laini kwa saa chache tu tangu itoke kwenye kikaango cha udongo; kesho yake ni ngumu, keshokutwa inavunjika. Kutupa kitu kilichogharimu magoti ya mtu ni aibu, hivyo tortila za jana zilikatwa vipande, zikakaangwa, zikamwagiwa mchuzi wa pilipili mpaka zikalainika tena. Chakula hicho huitwa chilaquiles na mpaka leo ndicho kifungua kinywa cha Mexico City, hasa kwa aliyelewa jana. Katika kitabu El cocinero mexicano cha mwaka 1831, mojawapo ya vitabu vya kwanza vya mapishi kuchapwa Meksiko huru, vyakula vya tortila na pilipili viliingia pamoja na vya Kihispania na vya Kifaransa. Katika mpangilio wa mlo wa siku zile, tortila zilizonyweshwa mchuzi mpaka ukakauka zilihesabiwa miongoni mwa supu kavu, zikaliwa baada ya supu ya maji na kabla ya nyama.

Oveni nyumbani haikuwapo. Aliyetaka chakula kiive juu na chini aliweka chungu juu ya moto mdogo, akakifunika kwa bamba na kupalia makaa juu yake. Mtu wa Unguja au Lamu aliyekulia nyumba inayopika mkate wa kumimina anaijua kazi hiyo: makaa ya juu ndiyo yanayoupa mkate rangi, na mpishi mwenye pupa huuunguza. Kwa moto huo wa juu na chini, tabaka za tortila, mchuzi na jibini ziliweza kushikana zikawa kitu kimoja cha kukatwa kwa kisu. Babu wa pastel azteca alikuwa chunguni.

Ila asingeweza kuwekwa mezani mbele ya wageni wa heshima. Wakati wa Porfirio Díaz, aliyetawala kati ya mwaka 1876 na 1911, wakubwa wa Meksiko walivaa Kifaransa, wakajenga Kifaransa, wakala Kifaransa. Mahindi yakalaumiwa kwa umaskini wa nchi. Mwaka 1899 mwanasiasa Francisco Bulnes alichapa kitabu alichowagawa humo wanadamu katika mataifa ya ngano, ya mchele na ya mahindi, akatoa hukumu kwamba la ngano ndilo pekee la maendeleo, na kwamba mahindi yamewapumbaza wenyeji wa Amerika. Maneno hayo yalisemwa na msomi katika nchi iliyoupa ulimwengu mahindi. Septemba 1910, uhuru ulipotimiza miaka 100, serikali iliwakirimu mabalozi kwa karamu za Kifaransa. Miezi miwili baadaye mapinduzi yalianza.

Kuna picha maarufu ya Desemba 1914. Majeshi ya wanamapinduzi Emiliano Zapata na Pancho Villa yameingia Mexico City, na wanajeshi wawili wa Zapata, makofia makubwa kichwani na risasi zimewazunguka vifua, wameketi kaunta ya Sanborns, mgahawa wa watu wenye nazo, wanahudumiwa na wanawake wenye sare nyeupe. Wametoka vijijini, watu wa tortila hasa, nao wanakunywa vikombe vyao kwa utulivu huku kila mtu akiwatazama. Sanborns yenyewe ilianzishwa mwaka 1903 na ndugu wawili Wamarekani, na baadaye ikahamia katika jumba la vigae vya buluu katikati ya mji. Humo ndimo enchiladas suizas zilipopata umaarufu: tortila zilizoviringwa na kuku ndani, mchuzi wa kijani, malai na jibini kwa wingi, kisha zikaokwa. Ziliitwa za Kiswisi kwa ajili ya maziwa hayo. Kwa pastel azteca ilikuwa imebaki hatua ndogo: badala ya kuviringa, panga.

Mapinduzi yalibadili hesabu ya fahari. Baada ya mwaka 1920 serikali mpya zilitaka taifa lenye mizizi yake, wachoraji wakajaza kuta za majengo ya umma wenyeji na mahindi, na kile alichokionea haya Bulnes kikawa urithi. Jikoni kazi hiyo ilimwangukia Josefina Velázquez de León, aliyezaliwa mwaka 1899 katika familia ya heshima iliyopungukiwa, akaolewa na kubaki mjane mapema. Alifungua chuo cha mapishi Mexico City, akasafiri mikoani akifundisha na huku akikusanya mapishi ya wanawake wa huko, akatoa vitabu zaidi ya 100 kabla ya kufariki mwaka 1968. Platillos regionales de la República Mexicana, cha mwaka 1946, kiliweka vyakula vya mikoa yote katika jalada moja. Mama wa nyumbani wa mjini, ambaye bibi yake angeficha tortila mgeni akibisha hodi, sasa alifundishwa kwa vipimo namna ya kuiandaa kwa ajili ya mgeni huyohuyo.

Vijijini mapinduzi mengine yalikwenda kwa sauti ya injini. Vinu vya kusaga nishtamali vilianza mijini mwishoni mwa karne ya 19 vikafika vijijini baada ya vita vya mapinduzi. Katika miaka ya 1920, katika kijiji cha Tepoztlán, wanaume walikipinga kinu cha kwanza: tortila yake haina ladha ya jiwe, na mwanamke asiyesaga atapata wapi pa kupeleka muda wake? Wanawake walikirudia kinu kilipofunguliwa tena, wakashinda. Mtafiti Oscar Lewis alipoandika habari za kijiji hicho mwaka 1951, wenyeji walikuwa bado wanasimulia jambo hilo kama uasi wa wanawake dhidi ya amri ya wanaume. Unga mkavu wa nishtamali ulifuata. Kampuni iliyokuja kuwa Gruma, yenye chapa ya Maseca, ilianzishwa Cerralvo, Nuevo León, mwaka 1949. Mashine za kuchoma tortila zikaenea mitaani, na watu wakapanga foleni adhuhuri kununua kwa kilo.

Mafuta ya petroli yalitaifishwa na rais Lázaro Cárdenas tarehe 18 Machi 1938, na katika miongo iliyofuata jiko la gesi lenye oveni likawa alama ya nyumba ya tabaka la kati. Jibini ya kuyeyuka nayo ilipatikana, na asili yake inachekesha ukikumbuka jina la chakula chenyewe. Ile bora ya kufunikia inatoka Chihuahua, kwa Wamenoni, Wakristo wa asili ya Ulaya wanaosema Kijerumani chao, waliohamia kutoka Kanada mwaka 1922 kwa ruhusa ya rais Álvaro Obregón. Mpaka leo wanaume wao huvaa ovaroli na wanawake makofia ya majani, na jibini yao huitwa kwa jina la dini yao. Tortila ya Waazteki, pilipili ya mji wa Puebla, malai ya ng'ombe wa Hispania, jibini ya Wamenoni, oveni ya gesi ya taifa: sinia lilikuwa limekamilika, lilihitaji jina.

Lilipewa jina la zama zile. Kila kitu kilichotaka kuonekana cha Kimeksiko kiliitwa cha Kiazteki, hata kiwanja cha mpira kilichofunguliwa mwaka 1966, Estadio Azteca. Sioni udanganyifu hapo. Mwenye kupanga tortila katika bakuli la kuokea na kuziita za Moctezuma alikuwa anawajibu watu wa karamu ya 1910, na alijibu kwa lugha waliyoielewa, lugha ya budini na oveni ya Ulaya.

Mwaka 1972 chakula hicho kilivuka kwa Kiingereza. Diana Kennedy, Mwingereza aliyekwenda Meksiko mwaka 1957 kuungana na aliyekuja kuwa mumewe, mwandishi wa gazeti la New York Times, alikiweka katika kitabu chake The Cuisines of Mexico kwa majina yote mawili, la Azteca na la Moctezuma. Kennedy alikuwa mkali. Aliendesha gari lake peke yake vijijini miaka na miaka, akaandika nani kampa pishi lipi, na hakuvumilia mtu wa kubadili kiungo kwa uvivu. Alifariki mwaka 2022 nyumbani kwake Zitácuaro, Michoacán, akiwa na umri wa miaka 99.

Kaskazini mwa mpaka tortila zilikuwa zikipangwa tabaka bila kumngoja. Mkataba wa Guadalupe Hidalgo wa mwaka 1848 ulipoipa Marekani nusu ya ardhi ya Meksiko, wapishi walibaki walipokuwa. New Mexico wanapanga enchilada bapa moja juu ya nyingine, mara nyingi za mahindi ya buluu, kati yake mchuzi wa pilipili nyekundu na jibini, na yai la kukaanga juu ya yote. Texas wana lao, King Ranch casserole: tortila, kuku, jibini, kopo la supu nzito ya uyoga, kopo la supu ya kuku, na kopo la nyanya zenye pilipili la Ro-Tel, kampuni iliyoanzishwa na Carl Roettele katika mji mdogo wa Elsa mwaka 1943. Supu ya uyoga ya Campbell ilikuwa sokoni tangu 1934. King Ranch ni ranchi ya ng'ombe iliyoanzishwa na Richard King mwaka 1853, na wenyewe wanasema hawahusiki na sinia hilo. Nani angeipa ranchi ya ng'ombe heshima ya kuku? Lakini ranchi hiyo ilijengwa na Wameksiko. Katika ukame wa mwaka 1854 King alinunua ng'ombe wote wa kijiji cha Cruillas, Tamaulipas, kisha akawahamisha wanakijiji wakawe wachungaji wake. Tortila ilikuwa pale kabla ya makopo. Kennedy angelikataa sinia hilo, na ulimi wangu uko upande wake. Hata hivyo ndilo linalopelekwa kwenye misiba na kwa wazazi waliojifungua Texas nzima, na chakula cha msiba hakihukumiwi kwa ladha.

Meksiko kwenyewe mahindi yaliendelea kuwa siasa. Mkataba wa biashara huria na Marekani na Kanada ulianza tarehe 1 Januari 1994, na mahindi ya bei nafuu ya Marekani yakawabana wakulima wadogo. Mwanzoni mwa 2007 bei ya tortila ilipanda ghafla, maelfu kwa maelfu wakaandamana Mexico City tarehe 31 Januari, na rais Felipe Calderón, mtu wa soko huria, akalazimika kukubaliana na wafanyabiashara wasizidishe peso 8.50 kwa kilo. Machi 2025 katiba ilibadilishwa kupiga marufuku upandaji wa mahindi yaliyobadilishwa vinasaba.

Katikati ya matukio hayo jambo moja lilifanyika Nairobi. Meksiko ilikuwa imeomba mapishi yake yatambuliwe na UNESCO, ikakataliwa mwaka 2005. Ikarudi na ombi jipya lililoegemea wapishi wanawake wa Michoacán, na Novemba 2010, kamati ilipokutana katika mji mkuu wa Kenya, ombi likapita, pamoja na lile la mlo wa Kifaransa. Mahindi na meza ya Kifaransa, vilivyotenganishwa na Bulnes na wenzake, viliandikishwa kikao kimoja. Ombi lilizungumzia mashamba ya mahindi na maharage, nishtamali, metate. Pastel azteca haikuwa na nafasi humo, na ni haki, maana ni mtoto wa mjini.

Mtoto wa mjini hana miiko. Sinia la kijani hutumia nyanya za kijani zinazoota ndani ya ganda jembamba, zilizochemshwa na kusagwa pamoja na pilipili mbichi na kotmiri. Jekundu hutumia pilipili kavu zilizolowekwa. La Kwaresima halina nyama: maua ya maboga, punje za mahindi mabichi, vipande vya poblano, uyoga. Msimu wa mvua wengine huweka huitlacoche, fangasi mweusi wa mahindi ambao mkulima wa kwingineko huung'oa na kuuchoma moto kwa kuuona ugonjwa. Wameksiko huununua ghali. Wapo wanaotumia mchuzi wa mole uliobaki baada ya harusi, na wanaotandaza maharage yaliyopondwa badala ya kuku. Linaloliharibu ni maji. Tortila mbichi ya leo hufyonza mchuzi ikawa uji, kwa hiyo hutumiwa ya jana, na kila moja huzamishwa katika mafuta ya moto kwa nukta chache ili ipate ngozi ya kuukinga mchuzi. Baada ya oveni sinia huachwa litulie kabla ya kisu, la sivyo tabaka zitateleza.

Mimi ningeanza na lile la Campeche, kwenye ghuba ya Meksiko, ingawa wenyewe hawalioki. Pan de cazón ni tortila tatu au nne zilizopakwa maharage meusi, kati yake papa mdogo aliyechemshwa, akachambuliwa na kukaangwa na nyanya, kisha mchuzi wa nyanya unamwagwa juu ya yote na pilipili moja ya habanero inakaa kileleni. Halina jibini wala malai. Kwa papa mkavu wa Tanga au Mombasa kazi ni kumpunguza chumvi: alowekwe usiku kucha, maji yamwagwe, achemshwe, na maji hayo nayo yamwagwe kabla ya kumchambua, na mchuzi wa nyanya usitiwe chumvi mpaka umeonjwa pamoja naye.